Chumvi ya Kongo ya Sika

Jumamosi, 1 Septemba 1956

Tumerudi dispensaire, mimi na Mama Philomène, mama yake Alexis mume wangu. Jua kali! Urbain mugongoni, amelala njia yote. Malaika wangu. Miezi saba, na tayari muzito kama mufuko wa muchele.

Miguu ya Mama Philomène imevimba tena. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki, kama kwenye fufu. Na asubuhi anaamka na uso wa mutu mwingine, macho yamezama ndani ya nyama. Leo Urbain alimuangalia akalia, hakumutambua koko wake, bibi yake mwenyewe. Mama akacheka. Alisema ni haki yake, hata yeye mwenyewe hajitambui.

Muuguzi wetu, infirmier Évariste, alimunywesha sel anglais, dawa ya kuharisha, kikombe kizima. Chungu! Tumbo likakimbia, Mama akawa anatoka na kurudi, anatoka na kurudi, na wagonjwa wengine wanamuhesabia. Halafu infirmier akamukalisha na kusema vizuri, polepole. Chumvi inavuta maji. Maji yanakaa miguuni. Siku moja yatapanda hata kwenye moyo. Kwa hiyo chumvi ya duka, samaki ya chumvi, aache. Kabisa.

Mama akaitika kama mutoto wa shule. Ndiyo, muganga. Ndiyo, muganga. Nikashangaa, kwa sababu yeye anabishana na kila mutu, hata na Père, padri wetu.

Njiani nikajua sababu. Chumvi ya duka hakuipenda tangu zamani. Inatoka mbali, anasema, hakuna anayejua ilizaliwa wapi. Yeye iko mutu wa muto, wa upande wa Isangi. Kwao walikula ile ya majani. Nikamuuliza: na hiyo siyo chumvi, Mama? Akaniangalia kama mimi ndiye mugonjwa. Chumvi gani? Ni majani!

Ninaandika kwa sababu Alexis hayuko na sina wa kumuambia. Bateau yake, meli anayofanyia kazi, ilishuka mpaka muji wa Léo, na huko chini muto umejaa yale majani mapya yanayoelea, yanafunga helisi inayosukuma meli. Hakuna anayejua atarudi lini. Kabla ya kupanda aliniambia neno moja tu: unichungie mama. Ananiambia mimi! Mimi niliyekuwa sina mama. Nilipozaa, ni mikono ya Mama Philomène iliyoniosha, iliyonifunga tumbo, iliyonilisha kwa kijiko. Nitamuchunga. Atapona. Najua atapona.

Jumatatu, 3 Septemba

Leo asubuhi muto haukuwako.

Kweli. Nilishuka na ndoo, nikakuta shamba. Kijani tu, kutoka mawe yetu mpaka mbali, na maua ya rangi ya zambarau yamesimama wima. Jana jioni palikuwa maji. Hakuna aliyesikia kitu. Watu wanayaita majani hayo Kongo ya sika, yaani Kongo mpya, kwa mzaha, lakini leo hakuna aliyecheka. Wavuvi walisimama na pirogi zao kama watu waliokuta mulango wa nyumba yao umefungwa kwa ndani.

Niliangalia maua karibu. Kila ua lina jani moja la juu lenye doa la manjano, na pembeni ya doa bluu. Jicho. Maelfu ya macho, yote yanatazama mahali pamoja. Upepo ukapita, yakainama. Yakainuka tena. Yanatutazama.

Mama Philomène peke yake alifurahi. Aliingia maji mpaka kiunoni, na ile miguu yake! Akakata kwa kisu, akakusanya, akaimba. Alinieleza. Zamani chumvi yao ilikuwa kazi ya msimu muzima, unatafuta majani ya maji hapa na pale, unapata kafimbo kamoja ka chumvi, unakafunga ndani ya jani na kukaficha juu ya moto. Sasa angalia! Mlima! Anasema mama zake waliona amekatazwa kula, wakamutumia.

Nikamuuliza: waliotuma ni wafu, Mama?

Akasema: na wewe ulifikiri nani anatuma vitu bila kelele?

Ameyatandaza juu ya mawe yakauke. Nimeosha mikono mara mbili. Harufu yake haiondoki, kama ya tope la zamani.

Alhamisi, 6 Septemba

Chumvi imetoka. Niandike inavyotengenezwa, siku moja nimuonyeshe Urbain akiwa mukubwa.

Majani makavu yanachomwa polepole mpaka majivu meupe. Majivu yanaingia ndani ya kikapu kilichotandikwa majani ya ndizi. Unamimina maji juu, tone kwa tone yanatoka chini, rangi ya chai. Unachemsha hayo maji mpaka yanakauka. Chini ya chungu linabaki ganda jeupe. Nzuri kuangalia! Inang'aa kuliko ya duka.

Nimeonja. Kwanza chumvi. Halafu siyo chumvi. Inachoma pembeni ya ulimi, inaacha uchungu nyuma, kama umelamba kisu. Mama ananiangalia, anangoja. Nikasema tamu. Akapiga makofi.

Na mimi nitakula hiyo tu. Ni desturi yao: mama anayenyonyesha na koko wa mutoto wanakula chumvi moja, mpaka siku mutoto atakapolambishwa na yeye chumvi hiyo. Nimekubali. Kwa nini nikatae? Anafurahi sana.

Jirani yetu Zaina, anayekaanga mikate ya kuuza, alichungulia juu ya ukuta. Akauliza tunapika nini na moshi muchafu hivi. Nikamueleza. Aka! Ninyi watu wa muto! Mukikosa samaki munakula majivu ya jiko! Mama akamujibu bila kugeuka: nawe kula mafuta yako, tutaona nani atazikwa na kiuno chembamba. Zaina akacheka mpaka akashika ukuta. Wanapendana, hawa wawili.

Jumapili, 9 Septemba

Mungu asifiwe! Uvimbe umeshuka!

Mama alikwenda misa na viatu. Viatu! Vile alivyonunua Alexis, havikuingia tangu Pasaka. Uso wake umerudi, mashavu, kidevu, yote. Urbain alimunyooshea mikono mwenyewe. Alimubeba kanisani, akatembea katikati polepole, kila mutu aone.

Baada ya misa wanawake walimuzunguka. Amekunywa dawa gani? Akawaambia. Mama Clothilde, wa kwaya, ameomba kidogo kwa ajili ya dada yake. Mwingine kwa ajili ya kichwa chake. Jioni nimefunga vipande vidogo ndani ya majani, Mama anagawa bure, anasema kitu cha mama zake hakiuzwi.

Nilikuwa na furaha, kwa hiyo sitaki kuandika hili, lakini nitaandika. Nilipokuwa nafunga vipande, niliona hakuna nzi. Samaki kando, nzi tele. Kwenye chumvi, hata mmoja.

Basi. Ni vizuri nzi wasije.

Jumatano, 12 Septemba

Urbain ananilamba. Namubeba, anatafuta shingo yangu, mahali pa jasho, analamba na macho amefunga. Ulimi wake mudogo, kama wa mwana-paka. Leo nikamulamba paji na mimi, nicheze naye. Chumvi! Ile ya kweli, ya mwili. Nilishindwa kuacha. Nililamba paji, shingo, mikono, mutoto anacheka, na mimi machozi yananitoka, sijui kwa nini.

Ninachoka haraka siku hizi. Ninaota samaki ya chumvi.

Mbuzi wa Zaina, yule anayelamba ukuta wa choo na mipini ya majembe, nilimupa kipande. Alinusa. Akarudi nyuma, masikio chini. Zaina akasema mbuzi wake ni Muislamu, hali vitu vya wapagani. Tulicheka. Lakini mbuzi hakuwa anacheka. Alisimama mbali, anaangalia mukono wangu mpaka niliposhusha.

Jumamosi, 15 Septemba

Leo Mama aliangusha chungu. Halafu kijiko. Alikaa akaangalia mikono yake, anaigeuza. Ananiambia mikono imekwenda kutembea. Iko pale, anaiona, lakini ni ya mutu mwingine. Midomo pia, kama sisimizi wanapita.

Nikataka kumukandakanda mugongo. Nikaweka sikio kwenye mugongo wake, kama anavyofanya yeye kwa Urbain akikohoa. Ngoja niandike vizuri.

Moyo ulipiga. Ukapiga. Halafu hapana.

Hapana.

Nilisikia tumbo lake, nilisikia muto, nilisikia Zaina anafukuza kuku. Moyo sikuusikia. Halafu ukarudi, pigo moja kubwa, kama mutu anayeweka mzigo chini. Ukaendelea.

Nikamuambia: Mama, moyo wako umesimama.

Anajua! Anasema umeanza juma hili. Haogopi. Ananieleza kwa upole, kama jambo la kupika: mama zake wakitaka kuongea, moyo unasimama ili asikie. Kelele ya moyo ni nyingi, anasema, mutu hawezi kusikia wafu na ngoma inapiga kifuani. Nikauliza wanasema nini. Wanauliza mutoto atalambishwa lini.

Kulambishwa ni hivi. Koko anachukua chumvi ya majani kwenye kidole, anaonja yeye kwanza, halafu anaipaka juu ya ulimi wa mutoto na kumutajia sikioni jina la wakubwa. Toka siku hiyo mutoto ni mutu wa muto, na muto hauwezi kumuchukua. Mama amepanga Jumapili ya juma lijalo, tarehe 23. Zaina, aliyekuwa anasikia yote kutoka kwake, alipiga kelele juu ya ukuta: Père alimutia chumvi kwenye ubatizo, sasa na koko wake tena! Mutoto huyu mutamukausha kama samaki ya makayabu!

Nilicheka. Usiku huu nimekumbuka ubatizo. Ile ya Père ilikuwa chembe mbili tatu. Urbain alikunja uso tu.

Jumatatu, 17 Septemba

Mvua kubwa tangu jana. Majivu yote yamekwenda na maji, kikapu pia. Hakuna chumvi, ya kwanza tumeigawa yote. Tumekula pondu, majani ya muhogo, bure, bila ladha. Mama ananung'unika kwamba hata mbwa wa muzungu anakula vizuri zaidi.

Jumanne, 18 Septemba

Dispensaire. Infirmier Évariste amefurahi sana! Alibonyeza miguu, hakuna shimo. Akamushika mukono, akahesabu pigo kwa saa yake, akasema vizuri. Akauliza na mikono. Mama akaifungua na kuifunga, ngumi, wazi, ngumi, wazi. Imerudi kutoka matembezi, alisema. Kweli imerudi. Asubuhi alifua nguo yeye mwenyewe.

Halafu infirmier akauliza: na chumvi, Mama, umeacha?

Mama akasema: hata chembe.

Uso mweupe kabisa, bila uwongo. Maana kwake siyo uwongo. Infirmier akanigeukia, ni kweli, mama Urbain? Mimi nilisema ndiyo. Ya duka hatuli. Nilitaka kuongeza neno. Lakini Mama alikuwa ananiangalia kwa fahari, mbele ya watu wote wa benchi, na neno likakaa. Akatuambia tuendelee hivyo hivyo.

Tuendelee hivyo hivyo.

Jumatano, 19 Septemba

Jua limerudi. Mama amekata majani mengi, anayakausha juu ya moto na kuyachoma tangu asubuhi. Anasema ya mara hii iwe kali, ni ya mutoto.

Pale palipokatwa pamekwisha kujaa. Nilikwenda kuangalia. Mahali alipokata leo asubuhi palikuwa shimo la maji, mchana hakuna shimo. Macho tena.

Ijumaa, 21 Septemba

Ameanguka.

Chumvi mpya ilitoka jana mchana. Alikula nyingi, alikuwa na hamu nayo. Jioni sisimizi mdomoni. Leo alitaka kusimama, miguu ikakataa. Haikuuma. Haikuvimba. Ilikataa tu, kama ya mutoto. Zaina alinisaidia kumuweka kwenye mukeka. Niliweka sikio mugongoni. Sasa moyo hauruki tu, unakwenda polepole, polepole, kama mutu anayepanda mlima na kusimama kila hatua aone nyuma.

Nilikaa inje na Urbain, nikafikiri kwa nguvu zangu zote. Sikusoma sana mimi. Lakini najua kufuata kitu. Alipokula, mikono ilikwenda. Mvua iliponyesha, hakuna chumvi, mikono ikarudi. Amekula tena, mikono imekwenda na imechukua miguu. Sasa nani atanifundisha kitu kingine?

Chumvi ya duka inamuvimbisha. Chumvi ya majani inamusimamisha moyo. Alors mutu ale nini?

Halafu nikafikiri Jumapili.

Niliingia. Nikapiga magoti, nikamuambia: Mama, tungoje kidogo. Alexis arudi kwanza. Mutoto ni mudogo. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa afadhali! Alinishika shavu na mukono ule usiosikia, ukateleza, akaucheka. Anasema wakubwa hawangoji bateau. Nikamuambia basi, niende nimuulize infirmier kuhusu hii chumvi, nimuonyeshe kipande kimoja tu.

Uso wake ukabadilika. Chumvi ya mutoto haionyeshwi mutu wa inje! Ikitajwa mbele ya mugeni, mutoto anayeyuka. Siyo hasira, siyo adhabu. Anayeyuka tu, kama chumvi yenyewe kwenye maji. Anapungua, anapungua, asubuhi moja kitambaa kiko pale na yeye hayuko. Alimuona mutoto wa namna hiyo kwao. Mutoto wa dada yake. Aliniambia jina lake. Sitaliandika.

Sasa ninaogopa pande mbili.

Urbain anacheza na kifungo cha shati ya baba yake. Meno mawili chini. Anazungumza na kifungo. Ba, ba, ba. Nitapata njia. Lazima iko.

Jumapili, 23 Septemba

Niko kwenye baraza ya dispensaire. Mulango umefungwa. Mulinzi anasema infirmier yuko misa, atapita hapa akitoka. Nitaandika yote kwa utaratibu, nisichanganye maneno mbele yake.

Alfajiri Mama alikuwa amelala, na Urbain kando yake. Nilichukua chumvi yote. Ile iliyokuwa juu ya moto, ile ya ndani ya chungu, hata majivu. Nilishuka mutoni. Nilijiambia akiuliza nitasema panya. Nitasema mvua. Nitasema chochote, Mungu atanisamehe. Nikatupa.

Haikuzama! Vipande vilikaa juu ya majani, vyeupe, katikati ya maua yale, kama vimewekwa mezani. Nikaingia maji mpaka kiunoni, nikavisukuma chini kwa mikono, kimoja kimoja, na mizizi inanishika miguu, myeusi, laini, kama nywele. Kimoja nilikibakiza. Nimekifunga kwenye pembe ya kitambaa changu, infirmier akione.

Nikarudi. Mama ameketi.

Miguu imelala mbele yake kama ya mutu mwingine, lakini mugongo ameegemeza kwenye ukuta, na Urbain yuko mapajani. Urbain analamba midomo.

Ananiambia: usikimbie hivyo, mama Urbain, utateleza. Kazi imekwisha. Niliona unaogopa siku hizi, nikasema nikupunguzie. Jogoo alipowika nilimulambisha.

Alikuwa na kipande chake mwenyewe, ndani ya kilemba. Sikujua.

Nikamuuliza kiasi gani. Akanionyesha kidole. Mpaka kiungo cha pili. Hakulia, alisema. Mutoto mwema. Hakulia hata kidogo.

Nilimuchukua Urbain, nikamupangusa ulimi kwa kitambaa chenye maji, nikamupa ziwa. Halafu nikamuita Zaina. Alikuja na mume wake na kigari chao cha mikate, wakamulaza Mama juu yake, tukasukuma mpaka hapa. Mama alitaka kuja. Alisema kama ninakwenda kwa infirmier na mutoto, yeye hawezi kubaki. Njia yote Zaina hakufanya mzaha hata mmoja. Wamerudi kuangalia moto wao.

Urbain amelala mapajani. Amelala sana. Alinyonya njiani, kidogo, halafu akaacha ziwa akaniangalia tu. Lakini aliamshwa alfajiri! Mutoto aliyeamshwa alfajiri analala, ni kawaida. Ni kawaida kabisa. Paji lake lina joto. Nikimugusa kiganja, kinafunga kidole changu. Polepole, lakini kinafunga.

Mama yuko chini, kwenye mukeka, karibu na muguu wangu. Asubuhi hii hakuweza kushika kikombe, Zaina alimunywesha. Sauti yake imekuwa ndogo. Ananifundisha tutakavyosema. Tutasema chumvi hatuli. Ni kweli. Ya mutoto hatutaitaja, unanisikia? Usimuyeyushe mwana wa Alexis. Analia akisema hivyo. Sikuwahi kumuona analia. Anafikiri anamuokoa. Na mimi nafikiri namuokoa. Mutoto mmoja, sisi wawili tunamuvuta, kila mmoja kwa upendo wake.

Kengele. Wanatoka.

Namuona infirmier Évariste barabarani, shati nyeupe, anasukuma baiskeli, anacheka na mutu. Ataanza na swali lake lile lile: chumvi, Mama, umeacha? Safari hii nitatangulia mimi. Nitasema kabla ya Mama, juu ya kichwa chake, mbele ya watu, kitu ambacho muke wa mwana hafanyi. Nitafungua kitambaa. Kama kuna kuyeyuka, tuone. Mutoto wangu siyo chumvi. Ni nyama, ni damu, ana meno mawili.

Ninaandika na mukono mmoja. Ule mwingine ulikuwa unafungua fundo la kitambaa.

Mukono wa Mama umeushika. Sikuuona ukija. Umeshika fundo na vidole vyangu pamoja, baridi, na una nguvu — nguvu ya mutu anayevuta wavu uliojaa — ninavuta, hauachi, na macho yake yamefungwa, na infirmier anaegemeza baiskeli kwenye ukuta, ananisalimia, anauliza —